Ramadhani Mbili za Mwaka 1997

Mwaka 1997 Ramadhani iliingia mara mbili. Ya kwanza ilianza tarehe 10 au 11 Januari, ya pili siku ya mwisho ya Desemba au kesho yake, kutegemea nani aliuona mwezi na nani aliamua kutimiza thelathini. Kwa mwenye kalenda ya ukutani hicho ni kioja kidogo cha hesabu. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, wa jua una 365, na kila baada ya miaka 32 au 33 pengo hilo la siku 11 humaliza kuzunguka, Ramadhani ikaangukia mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa serikali. Ilitokea 1965, ikatokea 1997, na itatokea tena 2030.

Kwa watu wa Garsen, mji wa kando ya Mto Tana, haikuwa hesabu tu. Ramadhani ya Januari iliwakuta kwenye ukame, ule ambao serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la taifa mwanzoni mwa mwaka. Ya Desemba iliwakuta majini. Mvua za El Niño zilianza Oktoba, Mto Tana ukafurika na kumeza mashamba, na barabara za kwenda Malindi, Garissa na Lamu zikakatika. Katikati ya maji hayo kalenda zilikanyagana ndani ya wiki moja: Krismasi tarehe 25, uchaguzi mkuu tarehe 29, ambao ilibidi uongezewe siku ya pili ya kupiga kura, na wino wa kura haujafutika kidoleni watu wameshainua macho kuutafuta mwezi nyuma ya mawingu.

Garsen iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Hapo jua halina mizungu. Tofauti kati ya magharibi ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa haifiki dakika arobaini kwa mwaka mzima, na saumu huchukua saa 13 na ushei, iwe Januari iwe Julai. Jamaa aliyehamia London anajua habari nyingine: Ramadhani ikiangukia Juni anafunga saa 18 hivi, ikiangukia Desemba hajakaa sawa kazini na adhana ya magharibi imeshafika. Kwake yeye, mwezi unapohama kinachobadilika ni urefu wa mchana. Kwa mtu wa Garsen mchana ni ule ule, na kinachobadilika ni mto. Mwaka huu anafunga vumbi likitimka, miaka minane baadaye anafunga akivuka kwenda msikitini kwa mtumbwi. Ndiyo maana historia ya kalenda ya Kiislamu katika bonde la Tana haiwezi kusimuliwa bila maji.

Majina ya miezi yenyewe yanaonyesha jinsi pwani hii ilivyoipokea kalenda hiyo na kuifanya yake. Mwarabu anahesabu kuanzia Muharram. Mswahili wa zamani hakujisumbua na Muharram. Kwake mwaka ulizunguka saumu: mwezi wa kufungulia ulikuwa Mfunguo Mosi, ndio Shawwal, ukafuatwa na Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu wa mahujaji, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa. Mitatu iliyobaki, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, ikaachiwa majina yake ya Kiarabu, kama mtu anayevua viatu karibu na mlango wa msikiti. Kwa hesabu hiyo mwaka mpya rasmi wa Kiislamu huingia mwezi wa nne, Mfunguo Nne, na hakuna aliyeona tatizo. Wasomali nao walifikiri vivyo hivyo: Shawwal kwao ni Soonfur, yaani kufungua saumu. Mpokomo, Muorma, Mwardei na Mbajuni wanaokutana sokoni Garsen hawana lugha moja ya nyumbani, lakini Idi inapopita Waislamu wote kati yao wameanza kuhesabu upya kutoka mahali pamoja.

Kuna pia swali ambalo wazee bado wanaulizana: leo mwezi ngapi? Haliulizi kama ni Machi au Aprili. Linauliza mwezi una siku ngapi tangu kuandama. “Mwezi mosi” ni siku ya kwanza, “mwezi kumi na tano” ni usiku wa mbalamwezi. Kijana aliyesoma shule husikia “mwezi wa kwanza” akadhani Januari. Tofauti ni silabi chache, lakini ndani yake mna kalenda mbili nzima. Siku nayo, kwa hesabu ya zamani, haianzi usiku wa manane bali jua linapokuchwa, ndipo usiku wa Ijumaa ukawa ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao karani wa ofisi angeuita Alhamisi usiku. Majina ya siku yana vituko vyake pia. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, hesabu inakwenda vizuri mpaka Jumatano, ambayo ni ya tano, kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Wiki yenye siku mbili za tano imetumika pwani kwa karne nyingi bila mtu kukosa miadi.

Hesabu hii ilifika mdomo wa Tana mapema. Karibu na Kipini, mto unapoingia baharini, yamo magofu ya Ungwana, mji wa mawe wenye msikiti wa Ijumaa, ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950 na kuuandikia kitabu kilichotoka 1966. Mihrabu zake zinaelekea kaskazini, kama misikiti yote ya pwani hii. Kaskazini zaidi, Shanga katika kisiwa cha Pate, wachimbaji walikuta mabaki ya msikiti wa mbao wa karne ya 8. Upande wa kusini, msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Washairi wa Pate nao walitia tarehe tungo zao kwa miaka ya Hijria: Utendi wa Tambuka ni wa 1141, yaani 1728, na wa Mwana Kupona ni wa 1275, yaani 1858. Mswahili aliyetaka kujua jambo lilitokea lini hakuhitaji kalenda ya mtu mwingine.

Halafu ikaja pesa. Neno lenyewe limetokana na sarafu ndogo ya shaba, paisa ya Wahindi, na Sultani Barghash wa Zanzibar alipotengeneza yake aliiandika 1299. Miaka michache baadaye kampuni ya Waingereza iliyokodi pwani kutoka kwa sultani ikatoa pesa yake Mombasa. Ukiishika mkononi, sarafu hiyo ina picha ya mizani upande mmoja, na imebeba miaka miwili kwa pamoja: 1888 kwa tarakimu za Kizungu, 1306 kwa za Kiarabu. Ni kitu kidogo, cha kununulia ndizi, lakini hakuna hati ya mkataba inayoonyesha vizuri zaidi nani alikuwa akiingia na nani alikuwa bado hajatoka. Kwa muda mwenye duka na karani wa forodha waliweza kutumia sarafu moja, kila mmoja akasoma mwaka wake.

Mpaka wa dunia hiyo ulipita hapa hapa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kuhusu milki ya sultani, walimtambulia ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, na mwisho wake wa kaskazini ukawekwa Kipini. Visiwa vya Lamu na miji kadhaa ya Benadir viliorodheshwa kando. Witu, umbali mfupi kutoka Kipini, ilikuwa na sultani wake aliyejikinga kwa Wajerumani hadi mkataba wa Julai 1890 ulipomkabidhi kwa Waingereza, na kabla mwaka haujaisha mji wake ulikuwa umechomwa. Garsen na vijiji vya juu yake vilikuwa nje ya ukanda. Mtu wa Kipini alikuwa chini ya bendera nyekundu na kadhi wa sultani. Mtu wa mwendo wa siku mbili kwa mtumbwi kupanda mto alikuwa chini ya wazee wa kijiji chake.

Kwenye pengo hilo ndipo zilipoingia kalenda mbili kwa mpigo. Wamisheni wa Kimethodisti walijenga Golbanti katikati ya miaka ya 1880. Mmoja wao, John Houghton, aliuawa pamoja na mkewe katika uvamizi wa 1886, lakini misheni ikabaki. Wajerumani wa Neukirchen wakafuata Ngao. Wapokomo wengi wa mto wa chini wakawa Wakristo, wakajifunza kupumzika siku ambayo jina lake la Kiswahili linasema wazi kuwa ni ya pili. Huko juu, kuelekea Hola na Bura, Wapokomo wakawa Waislamu, na Waorma wafugaji wakaingia Uislamu kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Lamu ilikuwa na mkono wake. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh karibu na mwaka 1900, ulisomesha watu ambao wanazuoni wa koo kubwa za mji hawakuwa tayari kuwasomesha, na wanafunzi wake walisambaa pwani na bara. Mpaka leo Maulidi ya Lamu mwishoni mwa Mfunguo Sita huvuta wasafiri wanaopitia Garsen, njia ile ile ambayo zamani, kabla ya daraja, magari yalisubiri pantoni.

Serikali ya kikoloni ilileta kalenda ya tatu, ya kodi na mishahara, na iliikazia zaidi. Kipini iliwahi kuwa makao ya utawala wa wilaya, na barua za mkuu wa wilaya zilihesabu Januari hadi Desemba. Kwa Muorma aliyezaliwa malishoni, mama yake akikumbuka kuwa ilikuwa Mfunguo Tano wa mwaka wa mafuriko, karani alikuwa na dawa moja tu: Januari 1. Ndiyo maana vitambulisho vya wazee wengi wa kaskazini na mashariki mwa Kenya vinawaonyesha wamezaliwa siku moja, kana kwamba nchi nzima ilijifungua siku ya mwaka mpya.

Lakini kosa kubwa linalofanywa kuhusu kalenda ya mwezi ni kudhani kwamba iliachiwa kazi zote. Haikuwahi. Pwani nzima ilikuwa na mwaka wa jua pembeni yake, ulioanza siku ya Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Siku 365 zilihesabiwa kwa makumi, yaani miongo, na kwa miongo hiyo nahodha alijua kaskazi inaanza lini na kusi inafunga bahari lini, na mkulima alijua lini achome shamba na lini atie mbegu. Katika visiwa vya Lamu siku ya Mwaka ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa bado inafanywa kila Julai. Mwaka huo hauongezi siku kila baada ya miaka minne, kwa hiyo nao unasogea, ila kwa mwendo wa konokono: siku moja kwa miaka minne, wakati ule wa mwezi unasogea siku 11 kila mwaka.

Kando ya Tana kulikuwa na kalenda nyingine tena, ambayo haikuandikwa popote: mto wenyewe. Ulifurika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Mei, kisha Novemba na Desemba. Maji yakipungua, Mpokomo alipanda kwenye matope yaliyobaki, na Muorma akajua kuwa nyasi za deltani zitamvusha kiangazi. Kalenda hiyo ndiyo iliyovunjika. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kupitia Kamburu, Gitaru na Masinga ya 1981, hadi Kiambere ya 1988, mabwawa ya umeme yalipangwa moja juu ya jingine kwenye mto wa juu. Sasa mafuriko madogo, yale ya manufaa, huzuiwa, na makubwa hupita hata hivyo, tena kwa ghafla. Mradi wa mpunga wa serikali deltani, uliojengewa matuta na mifereji kwa gharama kubwa, ulivunjwa na maji ya 1997. Nairuzi nayo imebaki midomoni mwa wazee wachache. Inachekesha kidogo: ile kalenda ambayo kila mtu huilaumu kwa kuhamahama ndiyo iliyobaki ikifika kwa wakati wake.

Na haikubaki msikitini tu. Nenda Kipini jioni, uliza wavuvi wa Kibajuni watatoka lini, na jibu litakuja kwa mwezi. Maji ya bahari hujaa sana mwezi unapoandama na unapopevuka. Hiyo ndiyo bamvua, na kwenye pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Katikati, mwezi saba au nane na mwezi ishirini na mbili hivi, maji huwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwenye kuujua mwezi hahitaji jedwali la bandari. Anajua kamba wa Ghuba ya Ungwana watasukumwa lini na usiku upi una giza la kutosha kwa wavu wake.

Jambo la ajabu zaidi liko ndani kidogo, kwenye vijiji vya Ozi, Kau na Kilelengwani. Mto unaopita hapo si ule wa kale. Katika karne ya 19 watu wa sultani wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, mitumbwi ya mazao ipate njia ya mkato, na taratibu Tana ukaufuata mfereji mpaka ukahamia kwenye mdomo wa Ozi. Bahari inapojaa wakati wa bamvua, maji ya chumvi hayafiki shambani. Yanausukuma mto urudi nyuma. Maji matamu, yakikosa pa kwenda, yanapanda na kuingia kwenye majaruba ya mpunga kupitia vijifereji vilivyokatwa kwenye tuta. Hakuna pampu, hakuna dizeli. Mkulima anafungua tuta mwezi mosi au mwezi kumi na tano, anaziba maji yanapoanza kupwa, na shamba limekunywa. Mara mbili kwa mwezi, mwezi wa kweli wa angani, kwa vizazi kadhaa.

Siku hizi mambo hayo yameharibika. Mto ukiwa dhaifu, bahari haina cha kusukuma, chumvi inatangulia yenyewe mpaka kwenye mpunga, na jaruba lililoonja chumvi halirudi upesi. Mwezi unaandama kama kawaida na bamvua inakuja siku yake. Kilichokosekana ni mwenzake.

Upande wa nchi kavu, mwezi unamhesabia Muorma mali. Zaka ya ng'ombe hulazimu mifugo ikipitiwa na mwaka mzima mikononi mwa mwenyewe, na mwaka huo ni wa mwezi. Ng'ombe 30 hutoa ndama mmoja wa mwaka. 40 hutoa mmoja wa miaka miwili. Wakiwa pungufu ya 30 hakuna zaka. Ukame unapopiga, swali la ni siku gani hasa mwaka ulitimia si la vitabuni. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 34 mwezi mosi Rajabu anaweza kuwa na 21 Shaabani haijaisha. Mwenye duka mjini Garsen ana shida ya namna nyingine. Anafunga hesabu Desemba 31 kwa ajili ya mamlaka ya kodi, na akitaka kuitumia tarehe hiyo hiyo kwa zaka, masheikh humwambia aongeze kidogo: badala ya asilimia 2.5 atoe karibu 2.58, kufidia zile siku 11. Akipuuza, baada ya miaka 33 atakuwa ameruka zaka ya mwaka mzima bila kukusudia.

Hali kadhalika mjane. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, na kwa mwezi wa angani hiyo ni siku 128 hivi. Anayehesabu kwa Machi, Aprili na Mei anamkalisha ndani siku kadhaa zaidi ya anazodaiwa. Mambo kama haya, ndoa, talaka, eda na mirathi, ndiyo kazi ya mahakama za kadhi, ambazo makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, yaliahidi kuzihifadhi ukanda wa maili kumi ulipoingizwa Kenya, na ambazo ibara ya 170 ya katiba ya 2010 inazitaja. Fomu za mahakama zina tarehe ya serikali. Hoja zilizo ndani yake mara nyingi zina tarehe nyingine.

Mnada wa mifugo nao unafuata mwezi. Wiki chache kabla ya Idi ya Kuchinja, madume ya Waorma hupakiwa kwenye malori kuelekea Mombasa, na bei hupanda. Lakini Mfunguo Tatu unahama. Kuna miaka inaangukia baada ya mvua, ng'ombe wamenona, muuzaji ndiye anayeringa. Kuna miaka inaangukia mwisho wa kiangazi na mbavu zinahesabika. Mfugaji anayepanga mbali anajua kuwa soko lake bora litaizunguka misimu yote kabla mwanawe hajamaliza kulipa mahari.

Lipo jambo ambalo limezua maneno kuliko yote haya, nalo ni nani auone mwezi. Kwa maumbile ya pwani hii, bahari iko mashariki na mwezi mchanga huonekana magharibi, dakika chache baada ya jua kuzama. Watu wa Lamu wanapoutafuta, basi, huipa bahari mgongo na kutazama bara, upande wa Witu na Garsen. Mwezi wenyewe hapa karibu na ikweta haukai kama upinde uliosimama, ule wa kwenye bendera. Umelala chali, pembe zote mbili juu, kama dau lililofungwa gatini. Ukiwa haujatimiza saa kumi na tano au zaidi tangu kuzaliwa, jicho haliupati kabisa, na msimu wa mvua wingu moja juu ya delta linatosha kuiahirisha Idi.

Zamani kuahirisha huko hakukumkera mtu. Mji ulioona ulifunga, usioona ulitimiza thelathini, na habari ilipofika kwa mtumbwi siku mbili baadaye kila mmoja alikuwa ameshakula chake. Katika miaka ya 1890 waya wa simu kutoka Mombasa hadi Lamu ulivuka Tana, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja redio, Sauti ya Mvita ya Mombasa na Sauti ya Unguja. Hapo ndipo ilipoanza kazi. Mtu wa Garsen aliyekuwa hajaona kitu aliweza sasa kusikia kwamba Unguja wameona. Je, afungue? Wengine walishikilia kuwa kila eneo lina mwandamo wake. Wengine wakasema mwezi ni mmoja na Waislamu ni wamoja. Kadhi Mkuu hutangaza kwa nchi, na Idi ya kufungua mwezi ni sikukuu ya taifa kwa sheria, lakini si mara moja Kenya imekula Idi siku mbili. Ugomvi wa saumu ya Arafa una ladha yake: mahujaji wanaonekana kwenye runinga wamesimama Arafa leo, na kalenda ya nyumbani inasema leo ni mwezi nane tu.

Hoja ya umbali hutajwa sana katika mabishano haya, na hapo Garsen ina jambo la kuchangia ambalo ni nadra kusikika. Iko karibu nyuzi 40 mashariki. Makka nayo iko karibu nyuzi 40 mashariki. Ukichora mstari kutoka Garsen kwenda kaskazini moja kwa moja unakaribia kuigonga Alkaaba, ndiyo sababu kibla ya hapa ni kaskazini tupu. Saa za mkononi ni zile zile, adhuhuri ni karibu ile ile. Kinachotenganisha mwezi wa Garsen na wa Makka, basi, si mashariki na magharibi. Ni mawingu, ni mwinamo wa anga kati ya ikweta na jangwa, na zaidi ya yote ni njia ya kuamua. Saudia ina kalenda ya Ummul Qura iliyopigiwa hesabu miaka mingi mbele. Delta ina macho. Sasa simu imeingia kati yao. Jioni ya mwezi ishirini na tisa ujumbe hufika kabla jua halijazama vizuri, na mwadhini asiyetaka fitina huzima yake mpaka baada ya Isha.

Ramadhani ya 2018 iliingia katikati ya Mei, wakati Tana ulikuwa umefurika tena na maelfu ya watu wa kaunti wamehamia kwenye kambi za nyanda za juu kidogo. Tangu hapo imerudi nyuma ikapita mvua za Aprili, ikapita joto la Machi, na inaelekea Januari. Mwaka 2030 itaanza siku za mwanzo za Januari, kisha tena karibu na tarehe 26 Desemba, Krismasi ikiwa jana yake. Aliyezaliwa Garsen katika ile Ramadhani ya ukame, mwezi huo wa pili utakapoandama, kitambulisho chake kitasema ana miaka 33. Mama yake, akihesabu kwa saumu alizofunga tangu siku ile, atapata 35.